Siku Maharagwe Yalipokuwa Dhambi

Baba yangu ni mzee wa kanisa huko Kathiani, na kwake Biblia haina mfano wala fumbo. Imeandikwa, basi. Jumapili moja baada ya ibada alisoma katika Walawi kwamba shamba lisipandwe mbegu za namna mbili. Akatazama dirishani. Shamba letu, kama mashamba mengi ya Ukambani, lilikuwa na mahindi na maharagwe pamoja, na maharagwe yalishatoa maua.

"Kesho hiyo maharagwe inang'olewa," akasema.

Maharagwe hayo ndiyo yangetulisha isyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, mpaka mvua nyingine, na mgongo ulioyalimia ulikuwa wa mama.

Mimi nilikuwa nimetoka Machakos mjini, ninakofanya kazi ofisini, na hasira zangu huwa karibu. "Baba, soma huo mstari wote," nikamwambia. Akausoma wote: mifugo ya namna mbili isizalishwe pamoja, nguo ya nyuzi mbili isivaliwe. Nikageuza koti lake la suti na kumsomea lebo: sufu na poliesta. Ng'ombe wetu chotara akalia zizini. Nilijiona nimeshinda.

Kumbe nimechochea moto. Baba aliingia chumbani, akatoka amejifunga leso ya mama, pamba tupu, maua mekundu. Akaketi wima kama yuko mimbarini.

"Asante kunifungua macho," akasema. "Ng'ombe pia itauzwa."

Nilitaka kulia. Maharagwe yalikuwa yanakwenda, na sasa maziwa nayo, kwa ajili ya ulimi wangu.

Mama akachukua panga, akatoka. Tulipochungulia, alikuwa anafyeka mahindi.

"Mama! Unafanya nini?" Baba alimkimbilia, leso ameishika kiunoni.

"Imesema namna moja," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Haikusema gani. Mimi nimechagua maharagwe."

Baba akasimama mbele ya mahindi, akatandaza mikono yote miwili. Leso ikaanguka. Akabaki na fulana na kaptura, mzee mzima wa kanisa, wala hakuna aliyecheka.

"Wacha," akasema kwa sauti ndogo. "Wacha yote ikae."

Nyumbani bado tunasoma Biblia kila jioni, sura baada ya sura. Tukimaliza Kutoka, Baba hulowesha kidole, akashika Walawi yote kwa mkupuo mmoja, akaigeuza, akaanza Hesabu. Mama huitikia amina. Nami, mwenye maswali kuliko wote, siulizi kitu.