Kurasa Thelathini Nilizoziruka

Kuna kipupwe kimoja, mwanangu, ambacho hakijanitoka kichwani mpaka leo. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari Iringa, nimerudi likizo kwetu, kwenye milima iliyo juu ya Mbeya. Asubuhi umande uliganda juu ya majani ya viazi, na ukungu ulishuka mchana kweupe. Joto lilikuwa mahali pamoja tu, kwenye banda la kukaushia maua ya pareto. Humo ndimo nilimoonja raha ya riwaya nene wakati wa baridi, na humo ndimo nilimomkosea shangazi yangu.

Nilikuwa nimeazima shuleni riwaya ya zamani ya Kiingereza, nene kama tofali. Ilimhusu mfua chuma mwenye kovu la moto shavuni, aliyekwenda mbali kutafuta maisha, akamwacha mkewe na binti mdogo bila habari. Kila alasiri, wachumaji wakishatandaza maua juu ya vichanja, walikaa kando ya tanuri nami nikawasomea kwa Kiswahili. Wakaniita msomi. Jina hilo lilinikaa vizuri, nisikufiche.

Shangazi Subilaga alikaa karibu yangu kuliko wote. Mumewe alikuwa amekwenda Makongolosi kuchimba dhahabu, na masika mawili yalikuwa yamepita bila barua wala salamu. Hakuniuliza kamwe habari za binti. Aliuliza hivi tu: "Yule fundi amefika wapi leo?"

Likizo ikabaki wiki moja. Nikafika kwenye sura ndefu yenye maneno magumu, ambayo hata nusu yake sikuielewa. Nikaona haya kusema sijui mbele ya watu wale. Nikageuza kurasa thelathini kwa mpigo, nikatokea kwenye harusi ya binti. Na ili mtu asiniulize baba yuko wapi, nikasema aliugua ugenini, akafa, akazikwa huko huko. Sentensi moja tu, mwanangu.

Shangazi aliinuka huku machozi yakimtoka, akajifunga khanga yake, akatoka akaingia kwenye ukungu. Kesho yake hakuja.

Mimi nikaendelea na harusi. Ukurasa wa tatu, mlango wa kanisa ukafunguliwa, akaingia fundi mwenyewe, ndevu mpaka kifuani, na lile kovu la moto shavuni. Nilikwisha kuyasoma hayo kabla ya kujizuia.

"Ngoja kwanza," akasema Mzee Ambakisye, mchochea moto, ukuni bado mkononi. "Huyu si tulimzika jana?"

"Labda ni ndugu yake," mama mmoja akanitetea.

"Ndugu gani mwenye kovu lile lile? Wewe msomi, umetuulia mtu!"

Banda zima lilicheka. Mimi sikuweza, maana aliyelia jana hakuwapo kucheka. Nikafunga kitabu, nikaenda kwake. Nilimkuta anamenya viazi.

"Shangazi, fundi hajafa. Aliyemuua ni mimi. Kuna kurasa sikuzielewa, nikaziruka."

Alimaliza kiazi alichoshika. "Mimi sijui kusoma," akasema. "Nilikuwa nasoma kwa macho yako. Nawe ukayafumba, ukaniambia unaona?"

Akaweka kisu chini.

"Hizo ulizoruka, bado zimo?"

"Zimo, shangazi."

"Basi nyanyuka. Viazi vitangoja."

Tulizisoma bandani kwa siku nne. Niliposhindwa nilisema nimeshindwa, na hapo ndipo nilipoona ajabu. Kurasa zile ngumu zilieleza kazi ya kufua chuma, na Mzee Ambakisye alikuwa ameifanya kazi hiyo ujanani. Nilipokwama alisema, "Hapo anavuta mivukuto, moto uwake," au, "Hapo chuma kimeiva, asikichelewe!" Nikirudi kwenye maneno, naona ni kweli. Zilikuwa kurasa tamu kuliko zote kitabuni. Mlango wa kanisa ulipofunguliwa tena, shangazi ndiye aliyeanza vigelegele, na banda lote likamfuata mpaka mbwa wakabweka nje. Akaniambia, "Nionyeshe palipoandikwa kwamba amerudi." Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, asikiondoe.

Mwaka ule ule alianza kujifunza kusoma kanisani. Uliofuata aliandika barua kwenda Makongolosi kwa mkono wake mwenyewe. Jibu lilipokuja, wala hakuniita. Aliingia ndani akalisoma peke yake, akatoka akiimba.

Nimesoma riwaya nyingi tangu hapo, vipupwe vingi, wala sijaruka ukurasa. Lakini machozi ya shangazi siku ile bado yananiuma. Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: ukisoma, soma yote. Usipojua, sema hujui, maana huenda anayejua ameketi karibu yako na hajawahi kushika kitabu. Na ukiwasomea wengine, usiwapunguzie kitu.

Mungu akujalie macho yasiyochoka na watu wa kukusikiliza, na kila baridi ikukute na kitabu ambacho hujakimaliza.