Fundi wa Mlango wa Sakristia

Siku ya tatu hiyo mpelelezi amekaa mlangoni mwa sakristia, pale Kariakoo, anashona viatu, na Beno, mtunza sakristia, alishaanza kusahau kwamba yule si fundi. Kabatini mlikuwa na kifupa cha mtakatifu, na fununu zilisema kuna watu wanakuja kukiiba. Mikono ya yule bwana haikuwa na haraka. Alilowesha uzi kwa mate, akavuta, akamsalimia kila mpita njia kwa salamu ya dini yake.

"Wewe hata mbuzi utamwamkia," Beno alimtania.

"Akiitikia, namshonea kwato."

Alasiri akaja padri mgeni na barua ya askofu: kifupa kihamishwe leo leo. Beno akatoa ufunguo. Fundi, macho kwenye soli, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Marahaba, mwanangu."

Uzi ukasimama. Mkatoliki yeyote angejibu "Milele na milele, amina" hata usingizini, sembuse padri! Mkono wa fundi ukamshika mgeni kifundo cha mguu, taratibu, kama anayempima kiatu, na haukuachia.

"Mzee Beno," alisema kwa upole uleule, "rudisha ufunguo mfukoni, kisha niitie wenzangu."