Kipovu cha hewa kwenye parabrizi ya komanda, pale Mulongwe

Wakuu, habari za humu. Hii ilinikuta miye mwenyewe. Kama kuna mtu nilimdanganya ni komanda, siyo ninyi.

Ilikuwa wakati wa vita, mtaa wa Mulongwe, Uvira. Nilikuwa naziba matobo ya mawe kwenye vioo vya magari, hatua chache kutoka bariyeri ya askari, kizuizi chao cha barabarani. Kila mama aliyetoka bandari ya Kalundu na ndagala, dagaa wa ziwani, alilazimishwa kuwaachia sehemu ya beseni lake.

Siku moja komanda wao akaleta jeep. Jiwe la barabara ya Luvungi lilikuwa limepiga parabrizi, kioo cha mbele, upande wa dereva, tobo dogo lenye nyufa tatu.

Akakaa kwenye kiti changu, mgongo kwa bariyeri, bunduki iko magotini.

"Nikiona alama, weye utanieleza."

Nikaingiza rezini, ile gundi ya kuzibia kioo. Kipovu. Nikanyonya hewa kwa pompu, nikasukuma tena. Kipovu kile kile, na ufa mmoja mweupe.

Kwa wasiojua kazi hii: mvua ilinyesha asubuhi, maji yakabaki ndani ya ufa. Halafu jua likawa linagandisha rezini kabla haijafika mwisho. Makosa mawili, yote yangu.

Nikamwambia ukweli: "Komanda, hii inataka kivuli. Watu wanne washike turubai, wasitikisike."

Akaita askari wake wote wanne wa bariyeri.

Nikakausha ufa kwa moto mdogo upande wa ndani, nikangoja kioo kipoe, nikasukuma rezini. Ikajaa safi kabisa.

Hapo nikainua macho. Bariyeri iko tupu, na turubai imewaziba askari macho. Jirani yangu Mama Zawadi anapita na beseni zima, nyuma yake wamama wengine, wanatembea kama wanatoka misa.

Komanda angegeuza shingo tu, ningekwisha.

"Bado?"

"Bado kidogo. Rezini iko inakunywa."

"Inakunywa nini?"

"Hewa, komanda."

Nikaendelea kukaza skrubu ya pompu, isiyokaza kitu. Askari mmoja akalalamika mikono inakufa ganzi. Komanda akamwambia anyamaze, fundi iko kazini.

Mama wa mwisho alipokata kona, nikasema turubai itoke, jua ligandishe.

Komanda akapitisha ukucha. Haukukwama.

"Weye iko fundi wa kweli. Wengine wanafanya haraka haraka."

Wiki iliyofuata akaleta gari la pili. Wamama wakaniuliza la tatu linakuja lini.

Somo: kausha ufa kwanza, fanyia kivulini, usikimbize rezini.

Mafundi wa humu, kipovu kikigoma mnakifanyaje? Semeni, ila msiniambie ningebadilisha kioo kizima. Vita ile, kioo kingetoka wapi?