Sikio la Mpima Vyuma

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu wa Magogoni hakadirii kifaa cha mhunzi kabla hajakigonga kwa nyundo yake ndogo, akainamisha sikio na kufumba macho kama mtu anayeitwa kutoka mbali. "Chuma hakinidanganyi," hujigamba, kisha huketi tena juu ya kiti chake kilichofunikwa gunia. Jana Kaviha, binti wa mhunzi, alimletea koleo la marehemu babake. Mzee alipoinuka kumpisha aketi, gunia likateleza, bonge la chuma likaonekana.

"Mzee, mbona wakaa juu ya fuawe? Tena ya kale kuliko ile aliyofulia baba visu!"

Mzee akaigonga kwa aibu; ikaitika kama kengele. Akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Miaka kumi na mmoja nimeikalia, mwanangu! Ningejaliwa masikio huku nyuma, leo ningekuwa tajiri."