Gari ya Nyumba, Haiko Taksi

Mutoto wangu wa pili iko mwalimu. Anaendesha motokari moja ya zamani iliyotokea Uganda, usukani yake iko mukono wa kuume. Siku ile asiransi, ndiyo bima ya motokari, ilikuwa imeisha.

Akaniambia, "Mama, wakiandika gari ya nyumba, bei iko chini, na zile pesa zitabakia tutanunua pine, tairi ya nyuma. Wakiandika taksi, pine haipatikane."

Pine ile ilikuwa imeisha meno kama miye.

Nilimufuata mu biro, juu karatasi ya motokari iko kwa jina langu. Mwanaume wa asiransi akaniita nyanya, akaniuliza kwa heshima, "Koko, mu gari munabebaka nani?"

Kumbe swali kama hiyo haiulizwe miye! Nikaanza na wale tulikimbia nao vita kule Djugu, ambao sasa tuko jirani hapa Rwambuzi na tunaenda nao kanisani kila Jumapili. Nikataja jina ya kila muntu, jina ya baba yake, na ya mutoto wake wa kwanza. Nilipofikia wa kumi na moja, mutoto wangu akanikanyaga muguu. Mwanaume akaweka bic yake ya kuandikia chini.

"Koko, hawa wote wanalipa?"

"Eh! Muntu wa kwetu atapanda gari ya mwenzake mikono mitupu? Huyu analeta maharagi, yule yai."

"Basi, iko taksi."

"Taksi ya mayai?" mutoto wangu akaruka. "Weye ulisha kuiona wapi?"

Mwanaume akaenda kuita mukubwa wake, mama moja wa miwani, hacheki ovyo. Alipokwisha kuelezewa maneno ya mayai, akaniangalia miye peke.

"Koko, asiye na yai, munamuacha njiani?"

"Tumuache namna gani? Anapanda. Na mayai ya wengine tunamugawia, juu kwake hakuna hata kuku."

Mama yule akacheka mpaka akavua miwani. "Andika gari ya nyumba. Lakini weye, mwalimu, siku utaanza kuitisha pesa ya kiti, urudi hapa tubadilishe."

"Ndiyo, mama," akajibu, mupole kama mwanafunzi.

Inje mutoto wangu akaninunia kidogo. "Mama, mwaka kesho utajibu tu: jamaa."

"Na niliwataja nani?"

Akaenda moja kwa moja kwa muuza mapine. Jumapili mvua ilinyesha tangu asubui, matope kila mahali, na hakuna mama hata moja alishuka kusukuma motokari kama zamani.