Mama Bukuru Anarudia Hesabu

Mama Bukuru alikuwa anarudia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne kwa mara ya tatu, na alishatuambia wote: safari hii ikishindikana, basi, anaachana na habari za chuo cha ualimu na kubaki na migomba yake Nyakisasa. Masomo mengine alishafaulu. Mimi ndiye niliyekaa naye dawati moja, na alinichosha. Mtu mzima, kikundi kizima cha wakulima wa kahawa kinamsikiliza yeye, lakini kila Jumamosi kosa lake lilikuwa lile lile.

Mwalimu wetu wa darasa la Jumamosi pale Benaco, Alfonce, kijana wa Biharamulo, alikuwa anamwamkia kwanza ndipo amkosoe. "Shikamoo, mama. Umekosa tena."

Tulikuwa kwenye vipeuo. Sehemu ikiwa na kipeuo kwenye asili, yaani ile namba ya chini, unatakiwa ukiondoe, maana kugawa kwa desimali zisizo na mwisho ni kujitafutia kichaa. Ubaoni kulikuwa na sita juu, kipeuo cha pili cha tatu chini. Mama Bukuru alizidisha chini kwa kipeuo kile kile, akapata tatu safi kabisa. Juu akaiacha sita kama ilivyo. Jibu lake: mbili.

"Kipeuo cha pili cha tatu ni kama moja nukta saba," Alfonce akasema. "Sita ukiigawa kwa hiyo, unapata karibu tatu na nusu. Wewe una mbili. Nyingine imekwenda wapi?"

"Si ulisema kitoke chini? Kimetoka."

Darasa likacheka. Yeye akafunga daftari, akaanza kutafuta kandambili zake chini ya dawati.

Alfonce akaona anampoteza, akakimbilia mfano. Alijua tu kwamba Bukuru ni jina la pacha aliyetangulia kuzaliwa. "Mama, subiri kidogo. Namba ya juu na ya chini ni pacha. Mgeni akija kwako na nguo ya pacha mmoja tu, utaipokea?"

Kwetu Ngara hilo halifanyiki. Ukimpa Bukuru, umpe na Butoyi, pacha wa pili. Wote tulitegemea aseme hapana.

"Siku hizi wanaleta moja tu," akasema. "Butoyi alifariki kabla ya kuota meno."

Nilimkasirikia sana yule kijana kwa kuchokoa asichokijua.

"Ila mimi nikinunua, nanunua mbili," akaendelea taratibu. "Ya pili nampa mtoto wa jirani. Nikinunua moja, naona nimedanganya."

Akasimama. Nikajua ndiyo basi, anaondoka. Kumbe anakwenda ubaoni. Akaichukua chaki mkononi mwa Alfonce, akaandika kipeuo cha pili cha tatu juu, ubavuni mwa sita, kisha akagawa. Mbili, na kipeuo kile pembeni yake. Akalitazama jibu lile kwa muda, akarudi kukaa.

Baada ya kipindi Alfonce alimfuata nje. "Mama, nisamehe. Sikujua."

"Usiniombe msamaha, mwalimu." Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakujificha. "Jumamosi nitakuja. Tangu tumzike yule mtoto, nyumbani hakuna anayethubutu kumtaja. Leo kuna mtu amenihesabia watoto wawili."