Kocha Waliyemwita Dalali

Mpira siujui. Sijui kwa nini mtu akisimama mbele ya wenzake anaambiwa ameotea, na sijawahi kumaliza mechi nzima bila kuchezea simu. Kwa hiyo waliponiambia kwamba suala la kocha halinihusu, kwamba nimwachie mume wangu na wenzake wa timu ya chuo waamue kama kocha wa muda abaki au aondoke, kidogo nikubali. Kilichonizuia ni kimoja tu. Mimi ndiye ninayelala ubavuni mwa moyo wake.

Ngoja nieleze taratibu, hasira zisinitangulie.

Guangzhou, huku China, nililetwa na shangazi yangu nilipomaliza kidato cha nne. Yeye ananunua midoli na vifaa vya shule pale mtaa wa Yide Lu kwa ajili ya maduka ya Dar es Salaam. Mimi namsaidia kuchagua, kupiga picha na kusimamia ufungaji. Mume wangu nilimkuta hukuhuku, mwanafunzi wa ujenzi katika chuo kimoja ng'ambo ya mto, kiungo wa timu ya chuo. Tukafunga ndoa ya watu wachache, tukapata binti ambaye sasa anatembea kwa kushika kuta.

Kocha wao wa siku zote alikuwa mzee wa Kichina, mwalimu wa michezo. Sitamsifia uongo, alikuwa kocha wa kufungwa. Walifungwa mpaka na chuo cha wauguzi. Lakini jua likizidi aliwakalisha kivulini, na mtu akisema anaumwa alimwambia akae, basi, hakuna maneno. Mwaka jana mgongo ukamshika, akarudi kwao kaskazini kutibiwa. Chuo kikamweka msaidizi wake ashikilie mpaka uamuzi utoke. Huyo ni Mtanzania mwenzetu, mtu mzima, aliyewahi kucheza ligi nyumbani kabla hajaja huku kufuata mizigo.

Hapo ndipo neno lilipoingia. Mwalimu anayesimamia wanafunzi wa kigeni alikwenda uwanjani, akawakusanya vijana, akatangaza kwa Kichina kwamba huyu sasa ni daili jiaolian. Jiaolian kila mtu anajua, ni kocha. Na daili kila Mswahili wa mji huu anadhani anajua, kwa sababu analisikia madukani kutwa: unauliza bei ya jumla, unaambiwa subiri daili wa kiwanda aje. Wakala. Tena kwa masikio yetu sisi neno lenyewe limekaa mlango wa pili na dalali. Wiki haikuisha, habari ikawa imefika mtaa wa Xiaobei kwenye mahoteli ya chakula chetu: timu ya chuo imepata kocha ambaye ni dalali wa wachezaji, ana kibali cha kuwapeleka kwenye klabu za kulipwa.

Mume wangu aliingia ndani siku ile akamrusha mtoto juu, akamdaka. "Tumepata mtu," akasema. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu harusi.

Na kweli walianza kushinda. Hilo nalisema mwenyewe kabla sijasemewa. Yule kocha anajua kazi. Alimjua kila kijana anakula nini na analala wapi, alifua jezi za mazoezi kwa mikono yake mashine ilipoharibika, na wale waliokuwa wanachelewa mazoezini kwa ajili ya kupokea wateja uwanja wa ndege wa Baiyun wakaacha kuchelewa. Wafanyabiashara walioanza kwenda kuangalia mechi walikuwa wale wale waliokuwa wanaicheka timu.

Kisha akahamishia mazoezi mchana. Alisema wapinzani huwa wanalegea saa hizo, kwa hiyo wao wazoee. Joto la huku halichomi kama la nyumbani, linakaba. Nguo zinagoma kukauka, kuta zinatoa maji, unavuta pumzi kama unavuta supu. Na ndani ya joto hilo vijana wakakimbizwa uwanja mzima kwenda na kurudi, maji mpaka kocha aseme. Hakuna aliyekataa. Nani atagombana na dalali wake? Mume wangu alinieleza kabisa, tena kwa utulivu, kwamba anayepumzika anaonekana mzigo wenye kasoro, na mzigo wenye kasoro haupandi meli.

Nikamwambia wewe si mzigo. Akacheka.

Siku aliyoanguka nilikuwepo. Nilikuwa nimewapelekea chapati, mtoto mgongoni. Nilimwona anapunguza mwendo, anasimama, anaangalia chini kama aliyedondosha kitu, kisha anakaa kwenye nyasi polepole. Nilipomfikia midomo ilikuwa ya kijivu. Nikaweka kiganja kifuani kwake. Moyo ulipiga, ukapiga, ukanyamaza. Mimi nikasubiri. Nilisubiri mpaka nikasahau mtoto analia. Ndipo ukapiga tena, kwa kishindo, kama mtu aliyeamshwa na mlango.

Kocha alimmwagia maji kichwani akamwinua. Akaniambia shemeji usiogope, mwili unazoea hivyo.

Hospitalini daktari alimsikiliza mara mbili, akazungumza na simu yake, simu ikatusomea Kiswahili chake cha ajabu: "Moyo wako unaruka ngazi. Usikimbie kabla ya kipimo kikubwa." Mume wangu alitaka kucheka kwa hiyo ngazi. Daktari hakucheka. Alirudia neno la usikimbie mwenyewe, kwa mikono, akikata hewa mbele ya uso wake.

Kocha alipopelekewa habari hizo alijibu palepale, mbele ya wenzake. "Daktari wa huku hata ukiwa na chunusi anakwambia pumzika. Mimi sikukatazi kukaa, mdogo wangu. Ila nafasi yako haikai na wewe."

Mume wangu akapumzika siku mbili tatu, akarudi. Kipimo kikubwa akasema atapima ligi ikiisha.

Sasa nisikilizeni. Jirani yetu wa Yide Lu ni mwanamke wa Kichina anayeuza penseli na rula, namwita dajie, yaani dada mkubwa. Siku moja nilimkuta kwenye duka lisilo lake, la vifutio, amekaa kiti cha mwenyewe. Nikamuuliza laoban yuko wapi. Akasema bosi amekwenda kumzika baba yake, leo yeye ndiye daili. Nikashangaa, nikamuuliza tangu lini amekuwa wakala wa vifutio. Hakunielewa. Akainuka, akakipangusa kile kiti kwa kiganja, akakionyesha kitupu. Akakaa tena. Akaonyesha mlango, kwamba mwenyewe akija, na akainuka upesi, akasogea kando, mikono mgongoni kama mgeni.

Nikasimama na boksi mikononi. Nikamuuliza, na daili jiaolian? Akanionyesha kiti kilekile.

Kumbe. Kaimu. Mtu wa kushikilia tu. Chuo hakikumpa kibali cha kumpeleka mtu popote; kilimpa kiti cha mwenzake mpaka mwenyewe apone au apatikane mwingine. Na kwa ajili ya neno hilo vijana wazima wanajikaanga juani, na mmoja wao moyo unaruka ngazi.

Nilimweleza mume wangu yote. Nilidhani namletea dawa. Akamaliza kula, akanawa. Akasema muuza penseli ndiye anatufundisha mpira siku hizi. Nikamwambia si mpira, ni Kichina. Akasema neno lina maana mbili, hata wewe unajua lina maana mbili, na hiyo ya pili haijakanushwa na mtu. Hapo niliona kitu usoni kwake ambacho kilinitisha kuliko ile midomo ya kijivu. Alikuwa anajua. Labda si tangu siku ile tu. Alikuwa anajua na ameshika ile maana ya pili kwa meno.

Shangazi nilipomweleza alinishika mkono. "Usimvunje mwanaume mbele za watu, mwanangu. Kama lazima umvunje, mvunje ndani." Nikamwambia ndani nimeshajaribu.

Basi mwalimu wa wanafunzi wa kigeni akataka jibu. Chuo kinaweza kumthibitisha yule kocha, au kumleta mwalimu mwingine wa michezo kutoka idara yao. Wachezaji wakae waseme wanataka nini. Wakakutana Jumapili baada ya adhuhuri, ghorofani kwenye hoteli moja ya Xiaobei, pilau mezani. Wafanyabiashara walikuja, shangazi akiwemo, kwa sababu ndio wanaonunua jezi. Mimi nilikwenda kwa sababu hakuna aliyenifungia mlango.

Kocha alikaa karibu na dirisha akimenya chungwa. Binti yangu alimfuata, akajishika kwenye goti lake, naye akampakata na kumlisha vipande, akitoa mbegu moja moja kwa kidole. Mtoto anampenda. Sikuweza kumwita arudi, na sikuweza kuangalia.

Walizungumza kama timu iliyokwisha kuamua. Mmoja alisema kabla yake tulikuwa kichekesho. Mwingine akasema akija mwalimu mwingine wa Kichina tutarudi kuchezea kivulini. Watu wakacheka. Mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo akasema mtu akikupa ushindi humuulizi alilala wapi. Mume wangu alikuwa anavunjavunja kijiti cha meno.

Nikasimama. Mikono ya watu ikasimama kwenye sahani. Sikutoa hotuba, sina hotuba. Niliuliza tu.

"Kocha, wewe ni daili wa nani?"

Akameza chungwa lake. "Sijakuelewa, shemeji."

"Klabu gani? Nitajie moja. Hawa wanakimbia mchana kwa sababu wewe utawapeleka klabu. Nitajie moja tu, mimi nikae."

Hakukasirika. Alimfuta mtoto mdomo kwanza.

"Mimi sijawahi kumwambia mtu hapa kwamba nitampeleka klabu," akasema. "Waulize. Hata mmoja. Hilo mmelisema ninyi wenyewe, mimi nikaona linawasaidia kukimbia."

Nikawageukia. Nikasema haya, mmesikia kwa masikio yenu. Nikawaambia palepale daktari alisema nini, na midomo ilikuwa rangi gani, na ule moyo ulivyonyamaza chini ya mkono wangu. Nikasema mtu anayejua mwenzake amedanganyika na akamwacha kwa sababu anakimbia vizuri, mtu huyo asikabidhiwe watoto wa watu. Nilidhani nimemaliza kazi. Nilidhani mtu akishasema mwenyewe, imekwisha.

Nahodha, kijana mpole kabisa, akaniambia kwa adabu, "Mama, umesikika." Kisha akawauliza wenzake wanaotaka kocha abaki wanyooshe mikono.

Wakanyoosha. Si wote kwa pamoja. Walianza wawili, halafu ikawa kama mvua inayokaribia, huku na huku, mpaka meza nzima. Niliwaangalia usoni na nikaelewa, na sitaki kuwasamehe kwa sababu nimeelewa. Wakimwondoa, basi hapakuwa na klabu tangu mwanzo, na mchana wa siku zile zote walikuwa wanakimbia bila kwenda popote. Wakimbakiza, labda. Hiyo labda ndiyo waliyoipigia kura.

Wa mwisho alikuwa mume wangu. Alinyoosha mkono akiwa anaangalia meza.

Shangazi alivuta mtandio wake akafunika mdomo. Kocha akamshusha mtoto kwa uangalifu, akamgeuza kwangu, akamwambia haya nenda kwa mama.

Kwenye metro tulisimama kama watu wasiojuana. Tulipokaribia kushuka akaniuliza kama sasa nimefurahi kumwaibisha. Nikamwambia aibu itapita, mimi ndiye nitakayeachwa mjane. Mtu wa jirani hakuelewa Kiswahili lakini alisogea.

Nimemwambia nitamchukua mtoto niende nyumbani kwa mama. Akasema nisubiri ligi iishe. Nimekwenda peke yangu kwa yule mwalimu wa wanafunzi wa kigeni, akanisikiliza kwa heshima, akaniambia wachezaji wameamua na mume wangu ni mtu mzima. Nimemwomba mume wangu kwa mtoto, kwa mama yake, nimempikia, nimemnunia, nimelala sakafuni. Anasema anajisikia vizuri. Kifua chake usiku sikigusi tena, naogopa kuhesabu.

Halafu nilimwendea dajie nikamwomba anifundishe sentensi moja ya Kichina ya kusema kwenye simu ya dharura: mtu ameanguka, hapumui, tuko uwanja wa chuo, ingieni geti la mashariki. Alianza kunifundisha akitabasamu kwa jinsi ninavyokosea sauti, akinirekebisha kwa kidole, juu, chini. Tulipofika kwenye hapumui alielewa anafundisha nini. Akaacha kutabasamu, lakini hakuacha kufundisha. Alinirudisha mwanzo mara nyingi mpaka ikatoka bila kukwama.

Jumamosi niko kwenye ngazi za uwanja, mtoto amelala begani, jasho lake limelowesha kanga. Mechi ya mchana. Sasa si wa muda tena, ni kocha kamili, amesimama kwenye mstari na filimbi yake. Naisema sentensi yangu kwa midomo, polepole. Katikati ya uwanja mume wangu amesimama, ameinamisha kichwa, mkono kiunoni. Akaangalia benchi. Kocha akamwonyesha kwa kidole, mbele.

Akaenda.